Mke Mwenza wa Mama Alisha

Baba Padri, ndugu na jamaa, wanakwaya, majirani wa Malvern, na ninyi nyote mliofukua magari yenu kwenye theluji asubuhi ya leo, Jumamosi tarehe 10 Februari 2018, ili mfike hapa Scarborough kumsindikiza ndugu yetu, familia inawashukuru, na inawaomba mvumilie kidogo, kwa sababu anayesoma mbele yenu ni Osbert Cordeiro, mdogo wa mjane, yaani shemeji wa marehemu, na shemeji akipewa kipaza sauti msibani mnajua wenyewe mambo yanavyokuwa. Dada yake Laura amemwonya tangu jana asiongeze chumvi, naye ameahidi, kwa kuwa maisha ya marehemu yalikuja na chumvi yake tayari.

Marehemu Alban Fidelis Noronha alizaliwa tarehe 21 Novemba 1944 mjini Tabora, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Mzee Fidelis Noronha, karani wa stesheni ya reli, na Bi Ermelinda, fundi cherehani aliyewashonea mabibi arusi wengi wa mji ule. Inasemekana kwamba alipozaliwa hakulia, mkunga akampiga makofi, mtoto akakunja uso na kunyamaza, na mama yake akaingiwa na hofu kwamba amezaa bubu, hofu ambayo dada yetu Laura aliirithi miaka ishirini na tisa baadaye, pamoja na mtoto mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo hapo Tabora kuanzia mwaka 1951 hadi 1958, kisha akaenda Dar es Salaam kwa masomo ya sekondari, akamaliza mwaka 1962, na katika miaka yote hiyo walimu walimsifu kwa hesabu, kwa usafi wa mwandiko na kwa tabia njema, isipokuwa mmoja aliyelalamika kwamba hajui kama kijana huyu anaelewa somo au amelala macho wazi. Ni huko sekondari ambako padri mmoja mzee alimfundisha kupiga kinanda na kugundua kwamba ndani ya mtu yule asiyesema mlikuwa na sauti nene, safi, iliyotulia, na kwamba mradi umempa noti za kufuata, au tangazo la kusoma, sauti ile ilitoka yenyewe bila kubembelezwa.

Kazi aliianza tarehe 4 Februari 1963 kama karani wa reli Tabora, akahamishiwa Dodoma mwaka 1966 na Dar es Salaam mwaka 1970, na kote alikopita mabosi wake walimpa kazi ya kutangaza treni kwenye vipaza sauti, kwa sababu Alban alikuwa na uwezo wa kuwaambia abiria mia tatu kwamba treni ya Kigoma imechelewa hadi kesho, nao wakakaa juu ya mizigo yao bila kumtukana mtu. Lakini mtu huyo huyo, ukimkuta peke yake ofisini, alikuwa hawezi kukujibu habari za asubuhi bila kutazama viatu vyake.

Dada yetu Laura alimsikia kabla ya kumwona, kama ilivyokuwa kwa wasafiri wote, kisha mwaka 1972 akamkuta kwenye kwaya, akaambiwa kwamba yule ndiye mwenye sauti ya stesheni, akajisemea moyoni kwamba mwanamume mwenye sauti kama ile akianza kuzungumza na mkewe nyumbani itakuwa raha tupu, na hapo ndipo lilipofanyika kosa la hesabu. Kuposa kwenyewe kulikuwa hivi, marehemu alikuja nyumbani kwetu Upanga Jumapili moja mchana, akakaa na baba yetu saa nzima wakizungumzia ratiba za treni, yaani baba ndiye aliyezungumza, mpaka baba alipochoka akamuuliza, "Kijana, umekuja kuhusu Laura au kuhusu reli?" naye akajibu, "Laura," na hilo likawa neno la kwanza na la mwisho la posa. Walifunga ndoa tarehe 29 Desemba 1973, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, na Mungu akawajalia watoto wawili, Alisha, aliyezaliwa mwaka 1976, na Alistair, aliyezaliwa mwaka 1980.

Tarehe 9 Septemba 1988 familia ilihamia Toronto, ikapata makazi Malvern, katika zile nyumba zilizoungana kuta, ambako jirani akikohoa wewe unasema pole, na mwaka 1990 marehemu akapata kazi uwanja wa ndege, katika ofisi ya vitu vilivyopotea, kazi ambayo sisi ndugu tuliona kama imeshonwa kwa vipimo vyake, kwa kuwa mwavuli uliopotea hauhitaji kusalimiwa. Aliifanya kwa uaminifu hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2009, na wakati huohuo akawa mwalimu wa kwaya ya Misa ya Kiswahili katika kanisa hili hili, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, akiwafundisha Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi kwa kutumia mikono na nyusi, na wanakwaya wa zamani watakumbuka kwamba nyusi ya kushoto ikipanda, sauti ya kwanza wamekwenda juu mno.

Sasa ndugu waombolezaji, tunafika mwaka 2003, na hapa dada Laura amesema tusome taratibu.

Katika ofisi ile, kitu kisichodaiwa na mwenyewe kikishakaa muda wake kilipigwa mnada, na wafanyakazi waliruhusiwa kununua kama watu wengine, ndipo siku moja ya mwezi Machi marehemu akarudi nyumbani na mfuko wa ngozi wenye zipu nzuri, aliounuia kuwekea vitabu vya nyimbo, na ndani ya mfuko mlikuwa na CD za mwimbaji mmoja wa Japani aitwaye Natsuko Irifune, mwanamke anayetunga mwenyewe na kupiga piano mwenyewe, ambaye marehemu hakuwa amewahi kumsikia, wala sisi, wala, kwa kadiri tulivyouliza, mtu yeyote wa kutoka Tabora. Aliiweka ya kwanza kwenye redio ya gari ili aone kama inafanya kazi. Wanaozifahamu nyimbo hizo wanajua zilivyo, zinaanza na piano peke yake, pole pole, kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani, kisha mama anaingia na sauti ndogo ya kawaida, anasimulia kitu unachokisikia kabisa ingawa hukielewi, halafu vinanda vya nyuzi vinaingia chini yake, naye anapanda, anapanda, unafikiri sasa atalia, halii, unalia wewe.

Alban alilia. Laura aliona gari limefika mbele ya nyumba na dereva hashuki, robo saa, nusu saa, baridi ile, akamtuma Alistair akaangalie kama baba yake amepata shinikizo la damu, kijana akarudi akasema kwa Kiingereza, kama ilivyo kwa watoto wa huku, kwamba baba yuko salama ila analia pamoja na redio. Kuanzia siku ile mambo yakabadilika nyumbani kwa Noronha, marehemu alinunua CD nyingine zote katika duka la Wajapani, akazikariri wimbo kwa wimbo bila kujua maana ya neno hata moja, na kila jioni baada ya chakula alishuka chumba cha chini ya nyumba, akafungua kinanda chake, akaimba mapenzi ya Kijapani kwa sauti ambayo abiria wa reli ya kati hawakuwahi kupewa.

Ieleweke vizuri kilichomuuma dada yetu, maana wengine mlimcheka wakati ule na msomaji huyu alikuwa wa kwanza. Laura hakuwa na shida na muziki. Tangu mwaka 1973 alikuwa akingojea neno moja la upole kutoka kwa mume wake, neno lake mwenyewe, lililoelekezwa kwake, kwa lugha anayoielewa, na kwa vile alikuwa na Kiswahili, Kiingereza na Kikonkani, lugha ya mababu zetu, hakuona kwamba ameomba makubwa. Siku alipomzaa Alisha marehemu aliuliza, "Mzima?" akaondoka kwenda kazini, na walipotimiza miaka ishirini na tano ya ndoa alimkabidhi mkewe pasi mpya ya umeme na kumwambia ina dhamana. Laura alikuwa amekwisha kujiliwaza kwamba mume wake hana hayo maneno, kwamba Mungu alimuumba akayasahau, na sasa, mwanamume ana miaka hamsini na minane, kumbe maneno yalikuwepo, tena yenye machozi, na yote yanakwenda kwa mwanamke wa Kijapani.

Alimtafuta kwenye picha za CD ili ajue anapigana na nani, akaona mama wa makamo aliyevaa miwani, nywele fupi kama za mtawa. "Bora angekuwa kisura," alimwambia mdogo wake kwa simu, "ningejua pa kuanzia." Tangu hapo akawa anamwita mke mwenzangu, akipakua chakula anauliza kama na mke mwenzangu naye atakula, akipandisha joto la nyumba anasema asije mke mwenzangu akapata mafua, na marehemu, kwa busara yake au kwa woga wake, alikula akanyamaza.

Mwaka 2006, wakati wa Kwaresima, marehemu alifanya jambo ambalo leo tunaweza kulisema kanisani kwa ruhusa ya Baba Padri. Kulikuwa na wimbo mmoja wa Irifune alioupenda kuliko yote, na kwa jinsi mama yule alivyoshusha sauti kwenye ubeti wa tatu, marehemu aliamini bila shaka yoyote kwamba ni mtu anayeungama dhambi zake, basi akautungia maneno ya Kiswahili, ya mkosaji aliyesimama mlangoni pa Bwana akingoja kujibiwa, akaufundisha kwaya kuwa wimbo wa kupeleka vipaji. Alipoulizwa na Jemimah, mwanakwaya wetu kutoka Nakuru, tuni hii ameitoa wapi, alijibu, "Mashariki," na kila mtu akaelewa kwamba ni ya Wakristo wa kale wa upande wa Yerusalemu. Ndugu zangu, ule wimbo mnaufahamu, umeimbwa kwenye ubatizo wa watoto wenu, kwenye arusi, kwenye maziko, watu wametoka Mississauga na basi mbili kuja kuusikia, na dada Laura, aliyekuwa sauti ya pili, aliuimba miaka yote hiyo kwa meno yaliyokazwa, kwa sababu yeye peke yake alijua kwamba mke mwenza sasa ameingia mpaka altareni.

Mwezi Septemba 2009, nyumba iliyopakana ukuta na ya marehemu ilihamiwa na mjane mmoja wa Kijapani, Bi Taki, ambaye yupo nasi hapa, safu ya pili, tunamshukuru sana. Bi Taki alisikia kwa majuma kadhaa sauti ya mwanamume ikiimba nyimbo za kwao upande wa pili wa ukuta, akaamini kwamba amepata jirani wa nyumbani, Mjapani mwenye tatizo kidogo la meno, ndipo akabisha hodi na sahani ya vitumbua vya kwao vya maharage, akamwinamia marehemu na kumsemesha kwa Kijapani, naye marehemu akainama, akatazama viatu vyake, akanyamaza, na Bi Taki akaondoka akisema moyoni kwamba huyu ni Mjapani wa malezi ya zamani hasa. Ilichukua mpaka Krismasi kueleweka kwamba jirani hajui Kijapani, na Bi Taki hakueleza maana ya nyimbo, kwa kuwa hakuulizwa, na kwao mtu hafundishi asichoulizwa.

Basi tarehe 17 Julai 2010 Alisha alifunga ndoa katika kanisa hili, Bi Taki akaalikwa kama jirani, na vipaji vilipoanza kupelekwa kwaya ikauimba ule wimbo kwa nguvu zake zote, marehemu akiongoza huku machozi yakimtoka. Bi Taki alishtuka, akasikiliza, akafunika uso kwa leso, mabega yakaanza kumtikisika, na akina mama waliokaa karibu naye wakamshika mkono wakimwambia pole, pole mama, Bwana amekugusa.

Ukumbini, baada ya chakula, Laura alimfuata kumuuliza ni nini kilichomliza, na Bi Taki, kwa Kiingereza chake cha pole pole, akaona sasa ameulizwa. Akaeleza kwamba wimbo ule hauna dhambi wala Mungu ndani yake, kwamba ni wa mwanamke anayerudi kutoka kazini jioni, anafungua mlango anasema nimerudi, na mume wake yupo, anasoma gazeti, hajibu, mwanamke anapika, mume anakula, hasemi kitu, na katika nyumba nzima anayemwitikia ni sufuria ya umeme ya kupikia wali, inayolia tik wali ukiiva, na kwenye ubeti wa tatu, pale anaposhusha sauti, anaiambia sufuria asante.

Laura akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, akamwendea kijana wa muziki, akachukua kipaza sauti kabla ya zamu yake kama mama wa bibi arusi, akasema, "Jamani, miaka saba namchukia mke mwenzangu bure, kumbe alikuwa ananisemea mimi! Na huyu bwana kila jioni ananiimbia malalamiko yangu mwenyewe, anayalilia kweli kweli, halafu anapanda ngazi kuuliza chakula kiko wapi."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Jemimah alisema, "Aki huyu mzee ametuweza," na Mama Spéciose kutoka Bukavu, kiongozi wa sauti ya kwanza, alijishika kichwa akisema, "Ee Mungu, hii wimbo tuliimbaka miaka ine mbele ya altare, sasa tutaenda kuungama nini?" Padri wa wakati ule alisema atalitafakari jambo hili, akalitafakari kwa sahani mbili za sorpoteli, ule mchuzi wetu wa nguruwe, akatoa uamuzi kwamba maneno ya Kiswahili ni halali, wimbo uendelee, na kwamba waume waliopo wausikilize vizuri zaidi. Marehemu wakati huo alikuwa amesimama nyuma ya keki.

Mnaweza kudhani kwamba baada ya siku ile alibadilika, na dada Laura naye alidhani hivyo. Njiani kurudi nyumbani alikaa kimya kwenye gari, akimpa nafasi, taa moja nyekundu baada ya nyingine, na walipokaribia kufika marehemu alikohoa, akasafisha koo, akasema, "Wali ulikuwa mzuri." Kesho yake Laura aliamua kumwonjesha dawa yake mwenyewe, akaacha kumsemesha kabisa, na dawa haikufanya kazi upesi, kwa kuwa mgonjwa hakujua kama anatibiwa, mpaka mwezi Septemba alipomwuliza Alistair kama mama yake anaumwa koo. Lakini alipoelezwa, siku hiyo hakushuka chini kuimba, alikaa jikoni na Laura, akakausha vyombo, hakusema kitu, akakausha vizuri sana, na kuanzia hapo nyimbo zikahamia sebuleni, wakawa wanamsikiliza Irifune wote wawili kwenye kochi moja, mmoja akilia, mwingine akisema, "Mwambie, dada, mwambie."

Tarehe 19 Oktoba 2016, siku ya Jumatano, marehemu alipatwa na kiharusi akiwa anavaa viatu aende kuwachukua wajukuu shule, akapelekwa hospitali, Mungu akamsaidia, akarudiwa na mguu na sehemu ya mkono, ila usemi wote ukaondoka. Mtu aliyekuwa akitumia maneno machache sana sasa hakuwa na hata hayo, hakuweza kusema maji, wala ndiyo, wala jina la mkewe, alifungua kinywa akatafuta, hakikutoka kitu, na sisi tuliozoea kumtania kwa ukimya wake tulitoka kulia koridoni, kwa sababu ukimya wa mtu aliyenyamaza na ukimya wa mtu aliyenyang'anywa havifanani hata kidogo.

Siku ya sita asubuhi, wauguzi walikuta mgonjwa anaimba. Aliimba wimbo wa sufuria ya wali kwa Kijapani, mwanzo hadi mwisho, hakukosea neno, na hospitali kwa nia njema kabisa ikaita mkalimani wa Kijapani, kijana mmoja aliyevaa suti, akasikiliza kwa makini kando ya kitanda, kisha akawageukia dada Laura na madaktari akawaambia kwa masikitiko makubwa kwamba mgonjwa analalamika mume wake hamsemeshi. Laura alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile, na marehemu, hakuna anayejua alielewa kiasi gani, alicheka pia, upande mmoja wa uso.

Aliyetuokoa ni mtaalamu wa kufundisha usemi, binti anayeitwa Nazmin, ambaye wazazi wake walitoka Mwanza, anayesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, akatueleza kwamba nyimbo zinakaa sehemu nyingine ya ubongo, upande ambao kiharusi hakikuufikia, na kwamba mgonjwa akifundishwa maneno juu ya tuni anayoijua, huenda akapita kwa mlango huo wa nyuma. Tuni aliyoijua kuliko zote mnaijua. Kwa hiyo dada yetu Laura, aliyempiga vita mwanamke yule miaka saba, alikwenda kwa Bi Taki akafundishwa wimbo sawasawa, pumzi kwa pumzi, akakaa na mume wake kila asubuhi akiupachika maneno ya Kiswahili, na ilipofika Pasaka ya mwaka 2017 marehemu alikuwa anaweza kuomba chai.

Mliomtembelea mlishuhudia. Aliomba chai kwa huzuni isiyoelezeka, akashusha sauti kwenye sukari isiwe nyingi, akapanda mpaka juu kabisa kuuliza ndara zake ziko wapi, na Mama Spéciose siku moja aliondoka pale akijifuta macho kwa sababu ya jinsi Alban alivyoimba kwamba dirisha lifungwe.

Laura, naye ni binadamu, alimfundisha na mengine. Jioni moja alipachika kwenye ubeti wa kwanza maneno nakupenda Laura, marehemu akayaimba vizuri, kwa hisia, bila kosa, na dada yetu akashukuru, akaenda jikoni, akampigia simu mdogo wake akalia. "Siyahesabu hayo, Osbert," alisema, "nimeyatia mimi mwenyewe mdomoni mwake, ni kama kujitumia maua." Hakumwimbisha tena maneno yale, akaendelea kumlisha, kumwogesha, kumpandisha na kumshusha ngazi, mwanamke wa miaka sitini na minane, akikataa msaada wa kila mtu, na sote tuliona anavyoisha.

Jumapili iliyopita, tarehe 4 Februari, asubuhi, theluji ikianguka, Laura alikuwa amesimama kando ya kitanda akikunja mashuka, na marehemu akaanza kuimba. Ilikuwa ile ile tuni, ubeti wa tatu, pale sauti inaposhuka, na Laura hakugeuka, alijua ni chai. Lakini maneno hayakuwa ya Irifune, wala hakuna aliyemfundisha, si Nazmin, si Bi Taki, si yeye mwenyewe Laura, aliyatafuta peke yake huko yalikokuwa yamejificha, moja moja, akiyavuta, akaimba, "Laura, umechoka, keti."

Dada yetu aliketi. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mashuka yakiwa magotini, na anasema hakumbuki walikaa muda gani. Usiku wa kuamkia Jumanne hali ikabadilika, akarudishwa hospitali, na tarehe 6 Februari 2018, saa nne asubuhi, Alban Noronha aliitwa na Muumba wake, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, pamoja na mkalimani yule, popote alipo, inamshukuru Nazmin kwa uvumilivu wake, Bi Taki na majirani wote wa Malvern walioiondoa theluji mlangoni petu bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa uwanja wa ndege, na kwaya, ambayo baada ya hapa itauimba ule wimbo, na mnaruhusiwa kulia kwa sababu yoyote mnayoitaka.

Mwisho, tuna ombi moja. Kwa desturi zetu mjane anasimama kupokea mikono ya watu wote, na leo watu ni wengi. Laura hatasimama. Atakuwa ameketi pale mbele, na mtakaompa mkono tunaomba muiname, msimwinue, kwa sababu ameambiwa na mume wake.

Alban, shemeji yetu, umesikika. Upumzike kwa amani.